Pasi ya maktaba Boston na jirani: nyumba ipi uchukulie pasi, ipi ulipe tu, ipi uende bure

Wengi tunaoishi Massachusetts tunajua kadi ya maktaba ni ya kuazima vitabu na watoto kupata intaneti, wachache wanajua pia inatoa pasi za kuingia makumbusho kwa bei ya chini au bure kabisa, na hata hao wachache wakichukua pasi basi ni ya kwenda kuangalia samaki New England Aquarium au wanyama, mchezo umeisha. Nyumba za kihistoria zipo kwenye orodha ileile na hakuna anayezigusa. Mi naona huko ndo pasi ina faida zaidi, ila kuna kamtego: ukichagua nyumba kwa kuangalia tu pasi ipi inakata hela nyingi utajikuta umempeleka mama mkwe sehemu ambayo ngazi zake hapandi, au watoto wameshanuna kabla hata mwongozaji hajamaliza chumba cha kwanza. Nyumba hizi zinatofautiana sana, zipo ambazo ni kasri la tajiri, zipo za mwandishi aliyekuwa na madeni, zipo ambazo ukitoka unakaa kwenye gari kimya. Kwahiyo nazilinganisha mbilimbili, za eneo la Boston ambazo unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kwanza pasi zenyewe, maana sio kitu kimoja

Ukisikia mtu anasema "nilienda na pasi nikaingia bure" na mwingine anasema "nilienda na pasi nikalipa nusu" wote wanaweza kuwa sawa na wameenda nyumba ileile. Kila maktaba inanunua uanachama wake kwenye makumbusho, mara nyingi hela inatoka kwa kile kikundi cha marafiki wa maktaba wanaouza vitabu vya mitumba, na masharti yanategemea walichonunua. Nyingine inaingiza watu wawili bure, nyingine wanne kwa nusu bei, nyingine inakata dola kadhaa kwa kila kichwa. Maktaba ya mji wako na ya mji wa jirani zinaweza kuwa na pasi ya nyumba moja kwa masharti tofauti kabisa, so kabla hujaamua angalia zote mbili.

Alafu kuna namna tatu za kuipata. Kuna ile kadi ngumu ambayo unaenda kuchukua kaunta na lazima uirudishe, ukichelewa unapigwa faini na faini ya pasi ni kubwa kuliko ya kitabu. Kuna ya karatasi, unachukua kaunta hurudishi. Na kuna ya mtandaoni, unabuki kwenye tovuti ya maktaba, inakuja kwenye imeili, unaprinti au unaonyesha kwenye simu. Kwa mtu anayefanya shifti mbili hii ya tatu ndo ya kukimbilia, ile kadi ngumu inamaanisha safari mbili za maktaba juu ya safari ya nyumba yenyewe, na mafuta yale hayaingii kwenye hesabu ya wanaosema wameokoa hela.

Kadi ya Boston Public Library inatolewa bure kwa anayeishi Massachusetts popote pale, sio lazima uwe wa Boston mjini, ila kwenye pasi wanaweza kuwa na masharti yao kwahiyo soma kabla hujabuki. Wa Lowell mna Pollard Memorial Library hapohapo mjini. Miji mingi midogo pasi zao ni za wakazi wao kwanza, mtu wa nje unapewa kilichobaki asubuhi ya siku yenyewe, na kusema ukweli siku za wiki huwa kinabaki sana. Wikiendi za kiangazi sahau, hizo zinabukiwa mapema mno. Na jamani ukibuki alafu safari ikavunjika, ifute kwenye tovuti, pasi nyingi ni moja tu kwa siku na kuna familia nyingine ilikuwa inaisubiri.

Jambo moja wengi wanalipuuza: pasi sio tiketi. Nyumba nyingi zinaingiza watu kwa makundi madogo kwa saa maalum, kwahiyo una pasi mkononi na bado unatakiwa ubuki saa yako kwenye tovuti ya makumbusho na kuandika kwamba unakuja na pasi ya maktaba. Usipofanya hivo unafika mlangoni unaambiwa nafasi iliyopo ni ya saa kumi jioni na wewe una mtoto wa miaka mitatu.

Gardner na Seven Gables: hizi mbili ndo zenye bei

Isabella Stewart Gardner Museum ipo Boston kwenyewe, unashuka treni ya Green Line E kituo cha Museum of Fine Arts unatembea kidogo umefika. House of the Seven Gables ipo Salem, treni ya North Station inachukua kama nusu saa alafu unatembea mpaka karibu na maji. Zote mbili tiketi ya mtu mzima ni kama dola 20 au zaidi, kwahiyo hapa pasi inaonekana kabisa mfukoni, watu wazima wanne bila pasi ni kama dola 80 na bado hujala.

Gardner watu wanaichukulia kama jumba la picha, lakini ni nyumba ya mtu. Huyu mama alikuwa tajiri, akajenga jengo zima kwa mtindo wa makasri ya Venice na bustani katikati chini ya paa la vioo, akafungua mwaka 1903, mwenyewe akaishi ghorofa ya nne mpaka alipofariki mwaka 1924. Kwenye wosia akasema vitu vibaki alivyovipanga yeye, visihamishwe. Ndo maana ukiingia leo utakuta fremu tupu zinaning'inia ukutani: usiku wa tarehe 18 Machi 1990 watu wawili waliovaa kama polisi waliingia wakaiba vitu 13, pamoja na picha ya Vermeer na za Rembrandt, mpaka leo havijapatikana na zawadi ya dola milioni 10 bado ipo kwa atakayetoa habari za kuvirudisha. Watoto wakubwa hii stori wanaipenda balaa, wanatembea wanatafuta fremu tupu na bila kujua wanaangalia na picha nyingine zote.

Ila sikiliza hesabu. Gardner chini ya miaka 18 hawalipi. Siku ya kuzaliwa kwako huingii kwa hela. Na anayeitwa Isabella anaingia bure maisha yake yote, sio utani, una mwanao Isabella usihangaike na pasi yake. Kwahiyo familia ya baba, mama na watoto watatu pasi inakusaidia kwa watu wawili tu. Bado ni hela nzuri, ila kama pasi ya siku hiyo imeisha msivunje safari, chagueni siku mmoja wenu anapozaliwa mkalipia mmoja.

Seven Gables ni kitu kingine. Ni nyumba ya mbao nyeusi ya mwaka 1668, aliijenga mfanyabiashara wa meli aitwaye John Turner, baadae mwandishi Nathaniel Hawthorne akaipatia umaarufu kwa riwaya yake ya 1851 yenye jina hilohilo. Unatembezwa na mwongozaji, vyumba vina dari za chini, na kuna ngazi ya siri nyembamba inayozunguka ambayo watoto wanaiongelea wiki nzima. Kwa mzee mwenye magoti mabaya hapana, hiyo ngazi ataikwepa, lakini hata sakafu zenyewe zinapanda na kushuka. Gardner ina lifti na unatembea kwa spidi yako unakaa unapochoka, hapo imeshinda mbali.

Kitu ninachokipenda Gables ambacho hakimo kwenye ngazi ya siri: aliyeifanya makumbusho ni mama mmoja, Caroline Emmerton, aliinunua 1908 akaifungua 1910 makusudi ili viingilio vigharamie huduma kwa wahamiaji wa mtaa ule, madarasa na kazi za mikono na kadhalika. Wakati anaikarabati akaongeza vitu vifanane na riwaya ili watu waje, mama wa biashara huyo. Na kazi ya kufundisha wahamiaji Kiingereza na maandalizi ya uraia inaendelea mpaka sasa. Yaani hata ukilipa bei kamili pale hela yako haijapotea kabisa.

Alafu Salem yenyewe kwa sisi watu wa pwani ina jambo. Meli za Salem ndo zilikuwa zinafanya biashara Zanzibar zamani za Sayyid Said. Mkataba wa biashara kati yake na Marekani ni wa 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Walikuwa wanaleta pamba ya viwanda vya New England, ile merikani iliyovaliwa mpaka bara huko, na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nyumba ya Gables haihusiki na biashara hiyo, nisiwadanganye, Turner na watoto wake walishatoka zamani. Lakini ukimaliza nyumba unatembea dakika chache tu kufika gati la Derby na ile forodha ya 1819, Hawthorne aliwahi kufanya kazi humo, eneo lote liko chini ya National Park Service, idara ya serikali inayotunza hifadhi na sehemu za kihistoria, na kutembea gatini ni bure. Ukiwa na mgeni kutoka Unguja au Mombasa simama naye pale mwisho wa gati umwambie meli zilikuwa zinatokea hapa. Mi sijaona mgeni ambaye hakuuliza maswali baada ya hapo.

Kwahiyo kati ya hizi mbili: wazee na wapenda picha Gardner, watoto wa shule na wageni wa pwani Salem. Oktoba Salem usiende, watu wa Halloween wanajaa kutoka dunia nzima, paking hamna na tiketi zinaisha mapema, pasi yako itakuwa karatasi tu.

Orchard House na Gropius House: za watu wenye interesti zao

Hizi zote ziko upande wa magharibi, Concord na Lincoln, miji jirani, na ukiwa na gari unaweza kuzipiga zote siku moja ingawa sikushauri, kichwa kinachoka.

Orchard House ni kwa mwandishi Louisa May Alcott, aliyeandika Little Women, riwaya ya mabinti wanne wa familia moja, hapo mwaka 1868 kwenye kimeza kidogo cha nusu duara alichotengenezewa na baba yake kati ya madirisha mawili. Kimeza kipo. Vitu vingi vilivyomo ni vya familia yenyewe kweli, sio vya kununua mnadani kujazia, na mdogo wake May alikuwa mchoraji, michoro yake ipo kwenye kuta na milango mpaka leo. Kama binti yako amesoma kitabu au ameona filamu, hapa atalia. Kama hajasoma, atakuwa anaangalia viti. Sina namna nyingine ya kuisema. Mpe kitabu kwanza, kipo maktaba hiyohiyo unayochukua pasi, akifika sura ya kumi ndo ubuki. Na wakiuliza chumba alichofia Beth, yule mdogo wa kitabuni, Lizzie, mdogo wake Louisa ambaye ndo Beth wa kweli, alifariki Machi 1858 kabla familia haijahamia humo, waongozaji wanaulizwa swali hilo kila siku. Picha ndani hawaruhusu, kwahiyo wa status mtapiga nje.

Gropius House ni ya 1938. Ndio, 1938, ukilinganisha na za 1668 unaweza kusema hiyo nayo historia? Walter Gropius ndo mwanzilishi wa Bauhaus, shule ya usanifu na sanaa za kisasa kule Ujerumani, akaondoka, 1937 akaja kufundisha Harvard, akajijengea nyumba hii juu ya kilima: paa bapa, madirisha marefu, matofali ya vioo, fenicha za mabomba ya chuma za Marcel Breuer, na kwa nje ngazi ya chuma ya kuzunguka inayopanda mpaka juu kwa binti yao ili awe na njia yake mwenyewe. Mbao za ukutani ni zilezile za nyumba za kawaida za New England ila yeye kaziweka wima ndani ya nyumba. Fundi ujenzi, mtu wa usanifu, au wewe unayejenga nyumbani Kibaha kwa ramani za mtandaoni, nenda. Utatoka na mawazo ya madirisha na kivuli, maana alipima jua la kiangazi na la baridi akaweka kibaraza kinachozuia moja na kuruhusu jingine. Watoto wadogo usiwalete.

Kwenye pasi, Gropius ndo inashinda na sababu ni moja: ipo chini ya Historic New England, shirika lililoanzishwa 1910 ambalo lina nyumba zaidi ya 35 kwenye majimbo matano, na pasi yao ya maktaba kwa kawaida ni ya nyumba zao, sio nyumba moja. Yaani pasi hiyohiyo wikiendi nyingine unaenda nayo Otis House pale Cambridge Street Boston, nyumba ya mwaka 1796 ya Harrison Gray Otis iliyochorwa na Charles Bulfinch, ambayo baadae ikawa nyumba ya kupangisha vyumba na barabara ilipopanuliwa wakaiburuza nyuma ikiwa nzimanzima. Au ukiwa na muda Beauport kule Gloucester, vyumba vingi kila kimoja na rangi yake juu ya bahari, ila hiyo ni ya miezi ya joto tu. Pasi ya Orchard House ni ya Orchard House, basi. Kwa hiyo mtu anayetaka kuchukua pasi moja ajaribu vitu tofauti achukue ya Historic New England, mtu mwenye sababu yake moja aende Concord.

Usafiri: Concord treni ya Fitchburg Line inafika na unaweza kutembea, sio karibu sana ila inawezekana. Lincoln bila gari ni mateso.

Medford na Cambridge: hapa pasi inaokoa kidogo na ndo ningeanzia

Royall House and Slave Quarters ipo Medford, kaskazini kidogo ya Boston, mabasi yanapita karibu. Kiingilio chake sio kikubwa, karibu nusu ya zile za juu, kwahiyo ukiipima kwa hela tu ipo chini kwenye orodha na nadhani ndo maana watu wanairuka. Makosa hayo.

Isaac Royall alikuwa na mashamba ya miwa Antigua. Alinunua eneo hili 1732, akahamia 1737 na familia yake pamoja na watu 27 aliowamiliki kama watumwa. Nyumba kubwa ya ghorofa tatu ipo, imetengenezwa kuigiza jiwe wakati ni mbao, na hatua chache pembeni kuna jengo la matofali na mbao walilokuwa wanakaa watumwa. Jengo hilo ndo la pekee la aina yake lililobaki likiwa limesimama lenyewe kaskazini mwa Marekani. Watu wa huku wamezoea kusema utumwa ulikuwa wa kusini. Ukisimama kati ya majengo mawili hayo hauna tena pa kuipeleka hiyo kauli.

Waongozaji wa pale hawaanzi na sahani za kichina za Royall. Wanaanza na Belinda Sutton. Huyu mama alichukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa kama miaka 12, akawatumikia Royall miaka na miaka. Vita ya uhuru ilipokuja bwana wake, Isaac mtoto, alikuwa upande wa mfalme, akakimbia 1775 na kufia Uingereza. Mwaka 1783 Belinda, mzee tayari, akapeleka maombi bunge la Massachusetts akidai alipwe kutoka mali ya mtu ambaye kazi yake yeye ndo iliijenga. Akapewa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka, alafu malipo yakawa hayaji, akarudi tena, na tena. Wanaozungumzia fidia ya utumwa leo wengi wanaanzia kwa huyu mama. Na wosia wa Royall huyohuyo ndo uligharamia kiti cha kwanza cha profesa wa sheria Harvard, nembo ya familia yake ikawa nembo ya shule ya sheria mpaka 2016 walipoiondoa baada ya wanafunzi kuandamana. Wangapi tumepiga picha pale Harvard na jamaa waliograjueti na hatujui hili.

Sasa pembeni yake weka nyumba ya Cambridge, Longfellow House, Washington's Headquarters, Brattle Street karibu na Harvard Square. Hii nayo ni ya National Park Service na ni bure, hauhitaji pasi yoyote, wewe tokea tu siku za msimu. Kwa nje ni nzuri zaidi, ya njano, bustani nyuma, vitabu vya mshairi Henry Wadsworth Longfellow vimejaa, aliishi hapo toka 1837 mpaka kifo chake 1882 na shairi lake la Paul Revere, yule aliyepanda farasi usiku wa 1775 kuonya watu kwamba jeshi la Waingereza linakuja, kaliandikia humo. Kabla yake George Washington alikaa hapo miezi tisa hivi, Julai 1775 mpaka Aprili 1776, akiongoza jeshi lililouzingira mji wa Boston. Wengi wanaishia hapo na ndo ziara ya kawaida unayoitegemea.

Lakini aliyeijenga 1759 ni John Vassall, hela yake ya mashamba ya sukari Jamaica. Na hapa ndo nyumba mbili zinashikana: dada yake Isaac Royall mtoto, Penelope, aliolewa na Henry Vassall, baba mdogo wa huyu John, akahamia ng'ambo ya barabara Cambridge na akaenda na mwanamke aitwaye Cuba aliyekuwa mtumwa kwa Royall kule Medford. Cuba akazaa na Tony, mtumwa wa Vassall. Mabwana walipokimbia familia hiyo ikabaki, ikakaa na kulima kipande cha ardhi ya Vassall, na 1781 Tony akapeleka maombi bungeni kama Belinda akapata posho ya pauni 12 kwa mwaka. Mtoto wao Darby, aliyezaliwa 1769, inasimuliwa alikuwa anachezea getini Washington alipohamia, jenerali akamwambia aingie ndani afanye kazi, mtoto wa miaka sita akamuuliza mshahara shilingi ngapi. Iwe kweli isiwe kweli Darby mwenyewe aliishi mpaka 1861, akawa mmoja wa sauti za watu weusi Boston, na akazikwa kwenye kaburi la familia ya Vassall chini ya kanisa la Christ Church palepale Cambridge.

Ukiwauliza waongozaji wa Longfellow habari za Tony na Cuba wanaeleza vizuri, ila mara nyingi inabidi uulize. Medford hauulizi. Hiyo ndo tofauti ya hizi mbili na kwangu inatosha: anza Medford, alafu Cambridge siku nyingine, ukifika Brattle Street utakuwa unajua nani hayupo kwenye picha. Ukigeuza, ukaanza na bustani na mashairi, Medford itakuja kama habari ya pembeni.

Kwa watoto? Kuanzia kama miaka kumi ndio, wadogo zaidi inategemea umewaambia nini nyumbani. Mi ningewaambia kabla, wasije kusikia kwa mgeni. Ghorofani Medford ni ngazi tu. Na inafunguliwa wikiendi za miezi ya joto, kwahiyo pasi yake chukua mapema Juni, sio Oktoba mwisho wakati wanafunga.

Paul Revere House

Wageni wote wataitaka kwa sababu ipo kwenye Freedom Trail, ule mstari mwekundu wa barabarani unaopitisha watu sehemu za kihistoria za Boston, mtaa wa North End. Nyumba ya mwaka 1680 hivi, jengo kongwe kuliko yote katikati ya Boston, makumbusho toka 1908. Kiingilio ni dola chache mno, chini ya kahawa mbili za pale mtaani, na unaimaliza haraka. Kutumia pasi hapa ni kupoteza nafasi yako ya kubuki, maana maktaba nyingi zinaweka kikomo cha pasi ngapi unaweza kushikilia kwa mkupuo. Lipa tu, ingia, toka, nenda ukale kanoli.

Sasa wewe uko upande gani

Mna wageni wazee wa kutoka nyumbani wiki mbili tu: pasi iwe ya Gardner, siku ya wiki, wakae kwenye bustani ile ya ndani wapumzike, na Longfellow siku nyingine ya bure. Gardner Jumanne wamefunga.

Mna watoto wa msingi: Salem. Asubuhi Gables, mchana gatini. Pasi hapa inakulipa kuliko sehemu yoyote kwenye orodha hii kama ni ile inayokata bei na kwa watoto pia, kwahiyo soma maneno madogo ya pasi yako, ile inayoingiza watu wazima wawili tu haikufai sana ukiwa na watoto wanne.

Una kadi ya EBT au WIC, yaani zile za msaada wa chakula wa serikali: Massachusetts kuna mpango unaitwa Card to Culture, makumbusho nyingi zinakuingiza kwa bei ya chini sana au bure kwa kuonyesha kadi hiyo mlangoni, mara nyingine na familia, na hauhitaji kubuki pasi wala kurudisha kitu. Watu wanaona aibu kuitoa. Wanaofanya kazi pale mlangoni wanaziona kila siku, toa kadi yako. Linganisha tu, kuna nyumba pasi ya maktaba inaweza kuwa bora na kuna nyumba EBT ndo bora.

Upo New York sio huku: kule wana Culture Pass toka 2018 kwa wenye kadi za maktaba za Brooklyn, Queens na New York Public Library, inafanyika mtandaoni yote, lakini kila makumbusho unapata mara moja tu kwa mwaka. Kwahiyo kule hesabu inakuwa kali zaidi, usiichome kwenye nyumba ya dola tano.

Na kwa wa Disemba mpaka Machi, ambao ndo wengi mnaandika "watoto likizo tuwapeleke wapi": Medford imefungwa, Longfellow imefungwa, Beauport imefungwa. Gardner ipo wazi na ndani kuna joto na maua, Orchard House wanafungua ila saa ni chache, Revere ipo ila Jumatatu za Januari mpaka Machi hawafungui, Gropius piga simu kwanza kabla hujawasha gari. Pasi za msimu huo zinakaa tu hakuna anayezitaka, hata ya Jumamosi unaweza kuipata Ijumaa jioni.